Usukani Haukukwama

Jumatatu, 2 Juni

Saa kumi na mbili kasoro. Giza bado, baridi imekaza. Sweta mbili, na koti la Baba Sesilia juu yake. Ufunguo mfukoni, tochi, kopo la grisi, kitabu cha kina cha maji. Miaka kumi na tisa natoka hivi hivi kwenda bwawani kufungulia kijiji maji, isipokuwa hizi siku kumi na mbili nilizokuwa Ipuli, Tabora, kumkanda binti yangu Sesilia na kumuogesha mjukuu. Mtoto mzima. Mama yake anadeka.

Vali ya mnarani, kule katikati ya maji, niliiacha wazi robo, usiku na mchana. Kamati ya maji ilikubali. Yaliyozidi tankini yaliingia kwenye birika la ng'ombe. Leo nilitakiwa nirudie utaratibu wa kiangazi: kufungua asubuhi, kufunga jioni, tusimalize bwawa kabla ya mvua.

Nimevuka kidaraja cha chuma mpaka mnarani. Chini ya usukani wa vali niliacha karai lenye nyasi kavu, la kukinga grisi inayodondoka. Ndani ya karai amekaa bata bukini wa mwitu. Mkubwa. Macho yamezungushiwa kahawia, kama wanja uliopakwa gizani. Amenitazama, nimemtazama. Nimerudi kinyumenyume mpaka nchi kavu.

Sasa ni saa tatu. Sijafunga kitu, sijafungua kitu.

Jumanne, 3 Juni

Wako wawili. Dume anasimama kwenye kidaraja na kufoka. Kazi yake ni kumfokea kila mtu na yeye habebi chochote, kwa hiyo nimempa jina la Mnyapara. Jike ni Bi Mkubwa.

Juu ya tuta naona ndani ya karai vizuri. Bi Mkubwa aliinuka kugeuza mayai. Saba! Nimehesabu mara tatu.

Tatizo ni usukani. Uko shibiri moja tu juu ya mgongo wake. Kila mtoto wa Unyamwezi anajua habari ya kanga wa porini: mayai yake huokoti kwa mkono. Unayachota kwa upawa na kumwachia mawili matatu. Harufu ya mkono ikibaki, mama anasusa. Mimi nilijifunza kwa kofi la bibi yangu, na kiota kile kilioza mbele ya macho yangu. Sasa niushike usukani kila siku mara mbili, juu ya kichwa cha huyu? Atasusa kabla ya Jumapili.

Bata bukini wa masista, nilipokuwa shule, walilalia mwezi mzima. Kwa hiyo ni mpaka mwanzo wa Julai.

Sijafunga leo pia.

Alhamisi, 5 Juni

Nimesema uongo.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Nassoro, alinisimamisha mbele ya duka lake akauliza kwa nini maji yanamwagika usiku. Ukoo wake una duka Tabora tangu enzi za misafara, na yeye ana macho ya mwenye duka. Nilifungua mdomo niseme bata. Likatoka jingine: usukani umekwama, haugeuki.

Akasema pole, akasema atamwita fundi. Nikasema wakati tunasubiri nitafunga koki ya chini, ya tankini, kila jioni. Akasema vizuri sana mama, wewe ndiye tunayekutegemea. Nimetembea mpaka nyumbani uso unawaka.

Kitabuni nimeandika: "Kina futi tisa. Usukani umekwama." Kwa wino.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Kijiji kizima kinanuka pilau. Jirani yangu Mama Kabula, ambaye si Mwislamu wala hana mpango wa kuwa, amekula nyumba nne. Nami nimeletewa sahani mbili. Nimekula moja juu ya tuta nikiwatazama wageni wangu.

Mnyapara akiruka anafunua weupe wa mabawa ambao akiwa amesimama huwezi kuujua. Nimeruka na mimi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mkononi sahani ya pilau.

Leo nimemkosa Baba Sesilia. Yuko kambini msituni na mizinga yake tangu Mei, hatarudi mpaka asali iishe kukamuliwa. Yeye nyama ya bata wa mwitu anaipenda kuliko mimi. Afadhali yuko huko.

Jumanne, 10 Juni

Kenge! Saa mbili asubuhi, mrefu kama mguu wangu, anapanda kidaraja taratibu, ulimi nje. Nilikuwa juu ya tuta, mbali. Nimeokota jiwe, nimekosa. Jingine, nimekosa. Mnyapara akashuka kutoka juu kwa mabawa na kifua. Wameanguka wote wawili majini. Kenge akaibukia upande wa pili na kuondoka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mnyapara akapanda tena kidarajani, akajikung'uta, akafoka. Safari hii nimemkubalia.

Bi Mkubwa hakuinuka. Hata kidogo.

Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kufurahi hivi kwa jambo lisilomhusu.

Kina: futi tisa kasoro. Umekwama.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi amekuja. Nilitarajia kijana mgeni. Ameshuka kwenye treni Ndahani wa Manyoni. Mgogo. Mtani wangu wa miaka yote.

Sijui nicheke au nilie. Babu zetu walipopita Ugogo na pembe na mizigo ya nguo mabegani, Wagogo waliwatoza hongo ya njia na ya maji. Wakishalipa, walilivuka pori la Mgunda Mkali kwa kiu mpaka hapa Tura, na hapa ndipo walipotua mizigo na kunywa. Ndahani bado anadai. Kila akija ananidai hongo ya babu yake, nami namwambia babu yake aliniuzia matope.

Amekwenda mnarani peke yake, nikiwa nyuma nabuni maneno. Mnyapara amemkimbiza mara mbili. Mara ya tatu alifika karibu, akachungulia. Skrubu ya vali inang'aa kwa grisi yangu. Fundi hahitaji miwani kuliona hilo. Akarudi ukingoni, akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mnyamwezi we. Usukani umekwama, au mwenye usukani ndiye aliyekwama?"

Nikamwambia yote. Akasikiliza. Halafu akasema sawa, hongo yake ni mayai mawili, atayachukua kesho asubuhi na kuyakaanga hapa hapa, na mimi nitamkatia kitunguu.

Mtani akitaka kitu chako, huna pa kushtaki. Anaweza kuwa anatania. Anaweza kuwa hatanii. Ndahani namjua: aliwahi kuondoka na jogoo wangu, akanirudishia manyoya.

Jumamosi, 14 Juni

Sheria hiyo hiyo inakata pande mbili. Nimeamka kabla yake, nimeingia stoo alikolaza mfuko wake wa vifaa, nimechukua spana malaya yake kubwa, ile anayoipenda kuliko mkewe. Nimeizika kwenye pipa la unga wa mhogo.

Ametafuta kila mahali. Kisha akanitazama. Hakukasirika, haruhusiwi.

Nikamwambia: mayai yakianguliwa, spana itarudi. Mimi nimelipa hongo miaka mia, sasa na Mgogo alipe.

Kacheka, lakini si sana. Kabla ya treni aliniambia jambo moja bila utani: bomba hili ni la wakati wa magarimoshi ya mvuke, limechoka. Ukifunga chini na juu pako wazi, maji yote yanakaa kifuani mwake usiku kucha. Funga juu kwanza, chini baadaye. Kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe mwaka ule wa kwanza.

Kwa Mwenyekiti alisema tu kazi imeahirishwa, kifaa hakipo. Kweli tupu.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kumi na saba tangu nimwone. Leo ukungu juu ya maji, na bata wadogo wanaopiga mluzi wameshuka kama sitini, wakatulia wote kwa pamoja. Korongo watatu. Bi Mkubwa katikati ya yote hayo, kimya.

Nakaa saa nzima sasa badala ya robo saa. Nimegundua kitu: kila asubuhi, saa moja na robo hivi, anavuta manyoya laini na kuyafunika mayai, halafu anashuka kwenda kula ng'ambo. Dakika ishirini. Halafu anarudi. Nimeona jana na juzi na leo.

Uzuri mtupu.

Ijumaa, 20 Juni

Bomba limepasuka.

Mama Kabula alinigongea saa kumi na mbili, akanisalimu kikwetu: "Mwangaluka, mama, njoo uone, njia ya stesheni imekuwa mto." Kweli. Limepasuka usiku chini ya tuta, tanki tupu, na bwawa linajimwaga porini. Dawa ni moja tu. Kufunga juu.

Nilivaa ovaroli kuukuu ya Baba Sesilia ya kurinia asali na kofia yake ya wavu, alizoziacha nyumbani. Kwa ajili ya Mnyapara. Nikakaa mwanzo wa kidaraja, maji yakilia nyuma yangu, nikangoja. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kila siku Bi Mkubwa anatoka! Kila siku dakika ishirini usukani ni wangu. Kama ningetazama kwanza na kusema baadaye, nisingedanganya mtu na bomba lisingepasuka.

Saa moja na dakika kumi na mbili alishuka. Nilitembea kama Baba Sesilia anavyokwenda kwenye mzinga: polepole, bila kusimama, pumzi chini. Mnyapara alinipiga mgongoni mara nne. Ana mfupa kwenye bawa, mchawi yule. Robo ya vali ni mizunguko tisa. Usukani mzito, bomba linavuta. Mzunguko wa sita nikasikia mabawa nyuma yangu.

Bi Mkubwa alikuwa amerudi mapema.

Sikuachia. Yeye akapita chini ya mikono yangu, ndiyo, chini ya mikono yangu, akapanda karaini, akajipanga juu ya mayai. Nikazungusha wa saba. Wa nane. Kichwa chake kiko pale pale chini ya kiganja changu. Wa tisa. Maji yakanyamaza kule chini.

Hakususa. Si kanga huyu. Nilimhukumu kwa sheria ya ndege mwingine. Nimelia ndani ya kofia ya wavu, na ni vigumu sana kupangusa kamasi ndani ya kofia ya wavu.

Jumamosi, 21 Juni

Hakuna bomba. Kijiji kizima kinachota bwawani. Wanawake wanapanda tuta na ndoo, wanatua, wanapumua, wanamwona bata. Hawajui kitu.

Mama Kabula ana mgongo mbovu. Ameshuka mara sita. Mara ya sita akanishika bega: "Ahsante mama, usingefunga upesi tungekunywa tope."

Nimejisikia mchafu. Sijala mchana.

Maji yamerudi nyuma. Matete yaliyokuwa yanasimama majini sasa yako mbali, na kati yake na maji kuna tope tupu, hatua sitini nimezipima. Vifaranga wakishuka kwenda kujificha humo watapita wapi? Mwewe wa stesheni wameshaanza kulikagua.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Ndahani amerudi kuunga bomba. Nimeifukua spana kwenye unga na kumpa mwenyewe mkononi. Akaipuliza, akapiga chafya, akaanza kazi. Saa kumi jioni maji yakafika tankini. Nimekwenda kufunga kwa utaratibu: juu kwanza, Bi Mkubwa akiwa matembezini (kumbe na jioni hushuka), kisha chini. Rahisi hivyo.

Tukinywa chai akasema kikao ni Jumanne na watauliza chanzo.

"Nikisema mimi, itakuwa utani. Watacheka, yataisha. Ukisema wewe, ni kweli. Chagua."

Mpango mzuri sana. Ndiyo maana umeninyima usingizi.

Jumanne, 24 Juni

Ghala la zamani la stesheni. Watu kama arobaini. Ndahani mstari wa mbele, miguu kainyoosha.

Nimesimama nikasema: usukani haukukwama. Kulikuwa na bata amelalia mayai, nikamwonea huruma, nikadanganya. Nikafunga chini juu kukiwa wazi, bomba likapasuka. Kosa ni langu.

Wakacheka! Ghala zima. Wakamtazama Ndahani, wakanitazama mimi, wakapiga makofi. Bwana Nassoro akavua miwani apanguse machozi. "Watani nyie mna mambo." Ndahani peke yake hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Mlango ulikuwa wazi. Ningekaa tu. Ningekaa, na hakuna mtu duniani angejua.

Nimesema mara ya pili, polepole. Nikatoa kitabu cha kina, nikasoma tarehe moja baada ya nyingine. Umekwama, umekwama, umekwama. Mara kumi na tano kwa mwandiko wangu. Kufikia ya tano hakuna aliyecheka. Kufikia ya kumi nilisikia Mama Kabula akivuta pumzi.

"Kumbe ndiye huyo aliyetubebesha ndoo," alisema. Hakusema kwangu. Alisema kwa dirisha.

Bwana Nassoro amechukua ufunguo. Atafungua na kufunga mwenyewe mpaka kamati iamue baada ya Saba Saba. Nilimpa mkononi. Mfuko wa koti umekuwa mwepesi na siupendi wepesi huo. Bata je? Hakuna aliyesema atolewe. Hakuna aliyesema abaki.

Alhamisi, 26 Juni

Sina kazi bwawani, nimekwenda. Saa kumi na mbili na nusu Mwenyekiti alivuka kidaraja na kanzu yake. Nilimpigia kelele asubiri. Hakusikia, au hakutaka. Mnyapara alimshukia kichwani. Kofia imeingia majini, ile nyeupe iliyofumwa kwa mkono. Ikaelea kidogo, ikaenda.

Amekuja juu ya tuta nilipo. Mkwaruzo shavuni. Akasema: "Huyu bwana hanitambui."

Nikamwambia akae. Saa moja na robo jike atashuka, dume atamfuata kwa macho, apite polepole na asisimame. Tukakaa watu wawili kwenye baridi, mdanganyifu na aliyedanganywa. Saa moja na dakika kumi na nane Bi Mkubwa alianza kuvuta manyoya kufunika mayai.

"Anayafunika," akanong'ona Mwenyekiti.

"Ndiyo."

"Kama mtu anayefunika wali."

Aliporudi kutoka mnarani alikuwa anatabasamu na hakujua.

Jumapili, 29 Juni

Mwenyekiti anakuja saa kumi na mbili na nusu, ingawa hana haja ya kufika kabla ya saa moja na robo. Jana alikuja na chupa ya kahawa ya tangawizi. Leo kahawa na mkewe. Habari ya ufunguo hatuigusi.

Mama Kabula hanisalimii. Namstahi.

Jumanne, 1 Julai

WAMETOKA!

Saa moja na robo ilifika, Bi Mkubwa hakushuka. Saa mbili hakushuka. Akainuka kidogo, na chini yake kitu kikasogea, kahawia na cheupe, kimelowa. Kisha kingine. Mpaka saa nne nimehesabu sita. Yai la saba limetulia. Mwenyekiti alishika mkono wangu akaukamua, halafu akakumbuka ni mkono wa nani, akauachia, halafu akaushika tena.

Watashuka kesho. Bata wa masista hawakukaa kiotani zaidi ya siku moja. Kesho watashuka, na kati ya maji na matete kuna hatua sitini za tope, na tope hilo nimelileta mimi. Mwewe wanane leo kwenye mibuyu ya stesheni. Nimewahesabu pia.

Nimekwenda kwa Mama Kabula. Nikabisha hodi, nikasema sikuja kuomba msamaha, hilo nitalifanya siku nyingine vizuri. Nimekuja kuomba debe. Wewe uliwinga ndege kwenye mtama wa baba yako miaka yote ya utoto, hapa Tura hakuna anayejua kupiga debe kama wewe.

Akafunga mlango.

Jumatano, 2 Julai

Niandike upesi kabla sijasahau hata kimoja.

Nilifika gizani. Mwenyekiti na mkewe walikuwapo. Ndahani alikuwapo, kashuka treni ya usiku, eti kaja kuchukua hongo. Saa kumi na mbili na nusu likaja jua, na pamoja na jua wakaja wanawake. Kumi na watatu. Debe, sufuria, mifuniko. Mama Kabula mbele, mgongo umefungwa kanga. Hakunisalimia. Aliwapanga kwenye tope mistari miwili kutoka majini mpaka matete, njia katikati, kama tulivyokuwa tunazunguka shamba. Akasema hakuna kupiga mpaka yeye apige.

Saa mbili Bi Mkubwa alishuka majini, akaita. Sauti ya chini, sijawahi kuisikia kwake. Wa kwanza akafika ukingo wa mnara. Hana hata mabawa ya kujidanganyia. Akaruka. Akadunda juu ya maji! Wa pili. Wa tatu na wa nne pamoja. Wa tano. Wa sita alikimbia huku na huko, analia, na sisi sote watu wazima tumeshika midomo. Akaruka.

Waliogelea nyuma yake mstari mmoja mpaka ukingoni. Wakapanda tope. Mwewe wakashuka.

Mama Kabula akapiga. Tukapiga sote. Kelele zile wamezisikia mpaka Tabora. Mnyapara juu, debe chini, Ndahani anapiga spana malaya kwenye karai la mtu. Mwewe mmoja alipenya, akamchukua wa mwisho. Nilimwona akienda naye. Nilipiga yowe, na sitaki kulisikia tena yowe lile.

Watano wakaingia matete. Matete yakafunga nyuma yao.

Tulibaki tumesimama kwenye tope mpaka magotini. Mama Kabula akaweka debe chini akajishika kiuno. Akasema: "Mwangaluka, mama."

Nikaitika.

Alasiri nilimlipa Ndahani hongo yake. Yai la saba, lile lililogoma, nimelifunga kwa gazeti vizuri kabisa. Limelaliwa mwezi mzima na limeoza mpaka moyoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mfukoni mwa koti, akapanda treni. Anajua. Nami najua anajua. Haruhusiwi kulikataa. Naomba tu lisipasuke kabla ya Manyoni.

Jumanne, 8 Julai

Baba Sesilia amerudi jana na madumu ya asali na ndevu. Nimemsimulia. Akauliza kama walikuwa wanono. Sasa amelala.

Kamati ilikaa leo asubuhi. Bwana Nassoro ameniletea ufunguo nyumbani, na kitabu cha kina. Masharti mawili. Kila penye uongo, nisahihishe kwa mkono wangu mwenyewe. Na karai liondoke chini ya usukani.

Nimekaa na wino tangu saa nane. Nimekata kwa rula, mstari mmoja mmoja, ili cha zamani kisomeke. Pembeni nimeandika: "Haukukwama. Bata alikuwa analalia." Mara kumi na tano. Mkono umechoka.

Jioni nimekwenda kufunga. Upepo wa baridi kutoka mashariki. Walikuwa ng'ambo, kwenye kina kifupi, wazazi wawili na watano. Mnyapara alinifokea kwa mbali, bila moyo.

Nimefunga juu, kisha chini. Nimeandika: "Kina futi nane na inchi mbili. Karai limesogezwa kutoka usukanini, hatua tatu. Nyasi zimebadilishwa."